Pointi za geocaching hazionekani kwenye eTrex? Kagua hivi kabla ya kuzifuta

Jumapili nimekaa saa tatu nzima na binamu yangu hapa Arusha tukihangaika na eTrex 20 yake, GPS ya mkononi ya Garmin. Alikuwa na makopo manne ya geocaching, yaani mchezo wa kutafuta kwa GPS makopo yaliyofichwa: mawili aliyaingiza kwa waya kutoka kwenye kompyuta, mawili akayaandika kwa mkono. Ya waya hayakuonekana kabisa. Ya mkono yalionekana, ila mshale ulitupeleka katikati ya shamba la kahawa la watu.

Hatua ya 1: Fungua orodha yenyewe

Faili la GPX (faili la kubebea pointi za GPS) la geocaching usilitafute Waypoint Manager, orodha ya pointi za kawaida. Makopo hukaa kwenye menyu yake, Geocaching. Huko nako yakikosekana, chomeka waya uangalie: faili liwe ndani ya folda ya Garmin, kisha GPX, na zip uwe umeshaifungua. Chomoa, washa upya.

Hatua ya 2: Ukubwa wa ramani

Pointi inaonekana ukikuza ramani na kupotea ukiipunguza? Setup, Map, Advanced Map Setup, Zoom Levels. Weka Auto. Basi.

Hatua ya 3: Datamu

Hapa ndipo saa zetu zilipoishia. Datamu ni msingi ambao koodineti zinapimwa kutoka kwake; namba zilezile kwenye datamu tofauti ni mahali tofauti. Koodineti za geocaching ni za WGS84, datamu ya GPS. Lakini zile karatasi za ramani za 1:50,000 za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa Arc 1960, datamu nyingine, na aliyekuwa na GPS hii kabla ya binamu aliitumia na karatasi hizo. Ingia Setup, Position Format, usome Map Datum. Yake iliandika Arc 1960. Namba za WGS84 ukiziingiza chini ya Arc 1960, pointi inaangukia kama mita 300 kusini ya inapotakiwa, na mashariki kidogo. Ndilo lile shamba la kahawa.

Sasa soma hapa taratibu, maana ndipo watu wanapokosea mara ya pili. Kurudisha datamu kwenye WGS84 hakuhamishi pointi uliyokwisha kuiandika. Kifaa huhifadhi mahali, hakihifadhi namba ulizobonyeza. Ukibadili datamu, namba za kwenye skrini zinageuka na alama inabaki palepale ilipokosewa. Sisi tulibadili, tukatembea tena kwenye jua, tukafika shamba lilelile. Dawa ni kuziandika upya, tarakimu kwa tarakimu. Zilizoingia kwa GPX usiziguse, faili hilo ni WGS84 siku zote. Ndiyo maana waya ukiwepo mimi siandiki kwa mkono kamwe.

Ukiwa ukurasa huohuo, chagua hddd°mm.mmm', yaani digrii na dakika zenye desimali tatu. Ukiacha ya sekunde, halafu 22.150 ukaigeuza 22' 15.0", umekosea mita 180 na ushee, kwa sababu 0.150 ya dakika ni sekunde 9.

Hatua ya 4: Herufi ya mwanzo

Tulio kusini mwa ikweta tunaandika S. Ikibaki N, kopo la S 03° 22' la hapa Arusha linahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa Ziwa Turkana, na kwenye ramani ya mtaani kwako hutaliona. Kabla hujatoka nyumbani fungua pointi usome umbali: ikiandika kilomita 700 na kitu, rekebisha herufi hiyo kwanza.