Nyayo na viganja kwa anayemeza sorafenibu: kazi huanza kabla ya kidonge cha kwanza

Anayeanza sorafenibu (Nexavar) kwa saratani ya ini huonywa kuhusu kuhara na presha, lakini mara nyingi kinachomshinda ni nyayo. Dawa hii hubana njia ambazo uvimbe hutumia kujijengea mishipa ya damu. Inaaminika kwamba mishipa midogo ya ngozi nayo huchelewa kujikarabati, hivyo penye mgandamizo au msuguano, kama kisigino na mkunjo wa kiganja, pakiumia kidogo hapaponi upesi. Shida hii huanza zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 6.

1. Wiki moja kabla. Kagua nyayo mchana, penye mwanga. Sugu ndiyo adui mkubwa: chini yake ndipo malengelenge hutokea. Loweka miguu dakika 10 katika maji ya uvuguvugu, sugua polepole kwa jiwe la miguu, pumzika siku moja, rudia. Wembe usiguse hapo. Mwenye kisukari amwonyeshe muuguzi kwanza.

2. Krimu ya yurea 10%, ya kulainisha ngozi ngumu. Ianze siku ileile ya kidonge cha kwanza, mara 2 kwa siku. Kipimo ni krimu iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza: kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu. Hiyo ni kama gramu 3 kwa kila mpako, kwa hiyo tyubu ya gramu 100 huisha baada ya wiki 2 na siku chache. Ikikaa miezi 2, ujue unapaka kidogo mno. Usiku vaa soksi za pamba juu yake. Kwenye sugu ngumu hutumika yurea ya 20% hadi 40%. Penye kidonda usiipake kabisa, itawasha kama pilipili.

3. Miezi 2 ya mwanzo, punguza msuguano. Jembe, kukamua nguo, kusonga posho, jerikeni yenye mkono mwembamba: mwachie mwingine, au zungushia kitambaa kinene mahali pa kushika. Gambuti hubana na kutunza joto. Kandambili za kamba huchubua katikati ya vidole. Afadhali sandali pana zenye soli laini. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu. Ukivaa glovu za mpira, tanguliza za pamba ndani.

4. Shida ya ngozi ikianza, ipime kwa kazi za kila siku. Wekundu, ganzi au kuchomachoma bila maumivu: endelea na dawa na krimu, ila mwarifu muuguzi. Ukianza kuchechemea au kushindwa kufunga vifungo kwa maumivu, hiyo ni ngazi ya pili. Daktari huongeza krimu ya klobetasoli 0.05% (steroidi kali ya kupaka) kwa muda mfupi, na anaweza kupunguza dozi kutoka vidonge 4 vya mg 200 kwa siku hadi 2. Malengelenge yakipasuka, ngozi ikivuja au usipoweza kukanyaga, pigia kliniki siku hiyohiyo. Kwa kawaida dawa husimamishwa siku 7 au zaidi mpaka ngozi itulie, kisha hurudishwa kwa dozi ndogo. Kujikaza kimya mpaka tarehe ya kliniki ndilo kosa tunaloliona zaidi.

Malengelenge mdomoni, machoni au sehemu za siri, pamoja na homa, ni jambo jingine kabisa: acha dawa, nenda hospitali sasa hivi.

Kwa maumivu, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, maana ini bovu huzifanya ziwe hatari kwa figo na huweza kusababisha kutokwa damu tumboni. Parasetamoli ni afadhali, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya mg 500.

Maswali

*Gulu: Krimu ya yurea ni ghali. Moo yaa (mafuta ya shea) haitoshi?*
Moo yaa hulainisha na kuzuia ukavu, nayo ni bora kuliko kutopaka kitu. Ila haiyeyushi sugu. Pesa ikiwa kidogo, weka yurea kwenye nyayo na viganja tu, mwili mwingine upake moo yaa. Krimu za kung'arisha ngozi zisikaribie.

*Kasese: Mzee anajikuna usiku kucha, viganja havina sugu wala wekundu. Nimpe piriton?*
Usimpe kwanza. Mtazame macho na mkojo. Macho ya manjano na mkojo wa rangi ya chai nzito huonyesha nyongo imeziba au ini limezidiwa, na hapo si suala la krimu. Mpeleke kliniki. Piriton huleta usingizi, na kwa mwenye ini dhaifu usingizi huo unaweza kuficha dalili za ubongo kuchanganyikiwa.

*Jinja: Shangazi amepunguziwa vidonge. Saratani si itapata nafasi?*
Anayemeza vidonge 2 kila siku kwa miezi amepata dawa nyingi kuliko aliyemeza 4 kwa wiki 3 akaacha kwa maumivu. Tena, tafiti za wagonjwa wa saratani ya ini zimeonyesha kwamba wanaopata shida hii ya ngozi mara nyingi huishi muda mrefu zaidi kuliko wasioipata. Ngozi ikitulia, aulize kliniki kama dozi inaweza kupandishwa. Asijipandishie mwenyewe, na kidonge alichosahau asikifidie kwa kumeza viwili.