Kumrudisha mgonjwa wa moyo kwenye mlima wake: mazoezi baada ya upasuaji

Mwanza sehemu za tambarare ni chache, na wagonjwa wangu wengi hawaishi huko. Wanaishi Mabatini, Igogo na Bugando, kwenye nyumba zilizoshikilia mawe, ambako bodaboda inakuacha chini na safari iliyobaki ni ya miguu. Ndiyo maana mtu aliyefunguliwa kifua akiingia chumba cha mazoezi, kabla sijagusa faili namuuliza: "Mama, bodaboda inapokuacha, mpaka mlangoni kwako kuna ngazi ngapi?"

Swali hilo lilinigharimu. Miaka ya nyuma nilimfanyisha mazoezi mzee mmoja koridoni kwa wiki nne. Alitembea vizuri, nikafurahi, nikamruhusu. Alipofika nusu ya kilima chake akaishiwa pumzi, akakaa juu ya jiwe. Wanawe walimbeba, na kuanzia siku hiyo wakamkataza hata kwenda chooni peke yake. Moyo wake haukuwa na tatizo. Mimi ndiye nilimfundisha korido, wakati anaishi mlimani.

Nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia na wauguzi wa Kanda ya Ziwa, hasa mnaopokea wagonjwa waliopasuliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wakarudi nyumbani na karatasi ya ruhusa. Ndugu anayeuguza naye asome, ila asianzishe zoezi lolote kabla daktari hajakubali.

Hatua ya 1: Soma karatasi, kisha mwangalie mtu

Jua alichofanyiwa. Wengine wamepandikizwa mishipa ya moyo. Wengine, na hawa mara nyingi bado vijana, wamebadilishiwa valvu, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni. Mwenye valvu ya chuma anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, kwa hiyo akianguka anavuja damu kuliko wewe na mimi. Usimpandishe mawe ya Mwanza akiwa amevaa ndala, na mvua ikinyesha asipande kabisa.

Pima mapigo, shinikizo la damu, joto na oksijeni. Siku hiyo usianze kama mapigo yanazidi 120 akiwa amekaa, shinikizo limefika 180 kwa 110, ana homa, mapigo yameanza kurukaruka, miguu imevimba ghafla, au hawezi kulala bila kurundika mito. Kisha weka kiganja juu ya kidari, mwambie akohoe taratibu. Mfupa wa kifua uliokatwa wakati wa upasuaji ukigonga au ukicheza chini ya mkono wako, au kidonda kikitoa maji, arudi kwa daktari wa upasuaji.

Hatua ya 2: Siku za wodini

Hapa nitapita haraka, maana wodi nyingi zina utaratibu wake. Hali ikiruhusu, siku ya kwanza anakaa ukingoni mwa kitanda, kisha kwenye kiti. Siku ya pili anasimama na kupiga hatua papo hapo. Siku ya tatu na ya nne anatembea koridoni, mita chache kila safari, mara kadhaa kwa siku. Kabla ya kuruhusiwa, apande ngazi mbele yako. Muda wote huo anavuta pumzi ndefu kila saa, na akitaka kukohoa anakumbatia mto au kanga iliyokunjwa.

Kuamka kunafundishwa mapema: ageuke ubavu mwili mzima kwa pamoja, ashushe miguu, ndipo ainuke. Asivutwe mkono. Ndugu zetu kwa upendo wao hukimbilia kumvuta mgonjwa mikono, na mfupa uliofungwa kwa waya haupendi hivyo. Anayelala chini kwenye mkeka atafutiwe kitanda kwa miezi hiyo ya kwanza, na Mwislamu aswali akiwa amekaa kwenye kiti.

Hatua ya 3: Dakika 6 za kutembea

Pima mita 30 za korido, weka chupa ya mchanga kila mwisho. Atembee kwa dakika 6 awezavyo, akichoka apumzike huku saa ikiendelea. Andika mita, mapigo na oksijeni, kabla na baada. Namba hiyo ni yake. Usimlinganishe na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Hatua ya 4: Kujua kiasi

Wengi wanatumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprololi, kwa hiyo mapigo peke yake yanaweza kukudanganya. Wiki za mwanzo sipitishi mapigo 20 hadi 30 juu ya yale ya kukaa, na nategemea zaidi kipimo cha Borg, ambapo mgonjwa mwenyewe anataja namba ya ugumu anaousikia: 6 ni kukaa bila kufanya lolote, 20 ni mwisho wa nguvu zote. Tunataka 11 hadi 13, yaani kazi nyepesi inayoanza kuwa ngumu kidogo.

Bibi wa Magu au Misungwi ukimwonyesha namba atakwambia 11 ili usichukie. Kwa hiyo natumia salamu. Tukiwa tunatembea namwamkia "Mwangaluka", kisha nafuata na habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe. Msukuma hawezi kukata salamu katikati kwa hiari yake. Akijibu yote bila kukatika pumzi, tuko sawa. Akikata, tumezidisha, tupunguze. Akianza kuimba, tumemwonea huruma mno.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe

Mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Dakika 10 za kupasha mwili, kisha kutembea: dakika 5 mara tatu, akipumzika katikati. Ongeza dakika kwanza, kasi baadaye, mpaka afike 30 mfululizo. Katikati tia kukaa na kusimama kwenye kiti mara 8 hadi 10 bila kusukuma kwa mikono. Mabega yasisahaulike: anyanyue mikono yote miwili kwa pamoja, taratibu, isifike kwenye maumivu, la sivyo yatakakamaa.

Mwisho, dakika 10 za kupoza mwili. Vijana huziruka hizi. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, shinikizo linashuka, na dawa zinaongezea. Nimewaona wakianguka langoni, zoezi likiwa limeisha salama.

Siku ambazo haji hospitali, atembee asubuhi kabla ya jua kali. Barabara ya kando ya ziwa kule Capri Point inafaa kwa walio karibu.

Hatua ya 6: Mlima

Chukua ile idadi ya ngazi za kwake. Mama wa Igogo aliniambia hajawahi kuzihesabu, nikamwomba mwanawe azihesabu: 94. Tukaanza na 6 za hospitali. Anapanda tatu, anasimama, anavuta pumzi tatu, anaendelea. Pumzi inatoka wakati mguu unasukuma, hazuiliwi ndani. Mkono unagusa reli kwa usalama tu, haumvuti juu. Kila wiki tunaongeza, na kila kituo cha kupumzika kina jina: kwenye mwembe, kwenye duka, kwenye jiwe kubwa. Nyumbani anapanda na mtu nyuma yake, na huyo mtu hambebi wala hamharakishi.

Kushuka nako kufundishwe. Kifua hakichoki, lakini mapaja yanatetemeka na kizunguzungu huja.

Akisikia maumivu ya kifua, giza machoni, au pumzi isiyorudi baada ya dakika chache za kukaa, zoezi limekwisha na anapelekwa hospitali.

Hatua ya 7: Ndoo, jembe na nyavu

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Wiki 8 hadi 12 za kwanza asibebe kinachozidi dumu dogo la lita 3, kama daktari wake hajasema vingine. Tunaimba habari ya kumtua mama ndoo kichwani, basi kwa huyu familia itekeleze kweli. Mwite mume na watoto, waambie mbele yake nani atachota maji, la sivyo atachota yeye siku ya tatu.

Mfupa ukishaunga, tunapanda polepole: lita 3, 5, kisha 10, mzigo ukiwa karibu na mwili. Kichwani ni mwisho kabisa, na hapo atwikwe, asijitwike. Mvuvi wa Ukerewe anayetaka kurudi kwenye nyavu namfanyisha kwanza kuvuta kamba ya mpira akiwa amekaa, na kwenye faili lake naandika tarehe ya kuonana na daktari kabla hajapanda mtumbwi.