Namna ya Kupima Ubora wa Mkaa Ulioamilishwa wa Vichungi vya Sigara

Mkaa ulioamilishwa unaowekwa katika vichungi vya sigara hutengenezwa zaidi kwa vifuu vya nazi, na nchi zinazojulikana kwa kuuza mkaa wa aina hii ni pamoja na Sri Lanka, India, Indonesia na Ufilipino. Kifuu huchomwa kwanza mahali penye hewa kidogo hadi kiwe mkaa wa kawaida, kisha mkaa huo hupitishiwa mvuke wa maji kwenye joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Mvuke hula sehemu ya kaboni na kuacha vitundu vyembamba mno, vingi vikiwa na upana usiofika nanomita 2, hata gramu moja ya mkaa mzuri ikawa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 au zaidi. Vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa mivuke kama ya benzini, toluini na akrolini, na ndiyo sababu kifuu hupendelewa kuliko mbao, ambazo mkaa wake huwa na vitundu vipana zaidi vinavyofaa kuondoa rangi katika vimiminika.

Cheti kinachoambatana na shehena hueleza uwezo wa mkaa ulipotoka kiwandani. Maabara inayoupokea inatakiwa kujua jambo jingine, nalo ni kiasi gani cha uwezo huo kitabaki mkaa utakapokuwa ndani ya kichungi, baada ya kusafirishwa, kuhifadhiwa na kukaa pamoja na kemikali nyingine. Vipimo vinavyofuata vinafaa kupangwa kwa kuzingatia swali hilo.

Kazi huanzia kwenye kuchukua sampuli, na hapa ndipo matokeo mengi huharibika hata kabla mizani haijawashwa. Punje ndogo huzama chini ya mfuko wakati wa safari, kwa hiyo mtu anayechota juu tu hupata picha isiyo ya shehena nzima. Tumia bomba la kuchotea linalofika chini ya mfuko, chukua kutoka mifuko kadhaa, changanya, kisha gawanya rundo mara kwa mara katika mafungu manne hadi kibaki kiasi unachohitaji. Hifadhi sampuli katika chupa ya kioo iliyofungwa barabara, kwani mkaa huu hunasa mvuke wowote uliomo chumbani, uwe wa rangi ya ukuta, wa petroli au wa manukato. Mfuko wa plastiki hautoshi.

Unyevu hupimwa kwa kukausha sampuli katika tanuri kwenye nyuzi 150 kwa muda wa saa 3, au hadi uzito usibadilike tena, na kuiacha ipoe katika chombo kilichofunikwa chenye silika kabla ya kuipima. Matokeo ya vipimo vingine vyote yahesabiwe kwa uzito wa mkaa mkavu.

Kipimo kinachotajwa zaidi katika mikataba ni namba ya iodini, yaani miligramu za iodini zinazonaswa na gramu moja ya mkaa wakati myeyusho unaobaki una nguvu ya 0.02 N (N ni normaliti, kipimo cha nguvu ya myeyusho). Utaratibu wake umeelezwa katika kiwango cha ASTM D4607, ASTM likiwa shirika la viwango lenye makao Marekani. Saga mkaa hadi angalau asilimia 95 ipite chekecheo la mikromita 150 na angalau asilimia 60 ipite lile la mikromita 45, kisha ukaushe. Pima dozi tatu tofauti. Kila dozi ongezewe mililita 10 za asidi hidrokloriki ya asilimia 5, ichemshwe kwa sekunde 30 ili kuondoa salfa inayoweza kuvuruga matokeo, na iachwe ipoe. Mimina mililita 100 za iodini ya 0.1 N, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 30, na chuja mara moja. Mililita 20 au 30 za kwanza zimwagwe, kwa sababu karatasi ya chujio nayo hunywa iodini. Kutoka kwenye kilichobaki chukua mililita 50, upime kwa bureti yenye sodiamu thiosalfeti ya 0.1 N, ukitumia wanga kama kiashirio.

Hesabu yake ni nyepesi ikifuatwa hatua kwa hatua. Mililita 100 za iodini ya 0.1 N zina miligramu 1,269 za iodini. Tuseme bureti imetumia mililita 10 za thiosalfeti: basi mililita 50 zilizopimwa zilikuwa na miligramu 126.9, na kwa kuwa ujazo wote ni mililita 110, iodini iliyobaki ni 126.9 mara 2.2, yaani karibu miligramu 279. Iliyonaswa ni miligramu 990. Kama dozi ilikuwa gramu 0.90, jibu ni karibu miligramu 1,100 kwa gramu. Katika mfano huu nguvu ya myeyusho uliobaki imeangukia 0.02 N sawasawa, jambo ambalo kwa kawaida halitokei, na ndiyo maana dozi huwa tatu: matokeo yake huchorwa kwenye grafu ya logi kwa logi, na namba ya iodini husomwa pale mstari unapokata 0.02 N. Nukta tatu zisipokaa karibu na mstari mmoja, rudia kazi yote.

Hata hivyo, namba ya iodini hupatikana ndani ya maji, ilhali moshi ni hewa na mivuke. Kwa maoni yangu, maabara ya vichungi isiyopima kitu kingine zaidi ya iodini inajibu swali la watu wanaosafisha maji. Kipimo kinachokaribia kazi halisi ya kichungi ni uwezo wa kunasa butani, kwa kiwango cha ASTM D5742. Mkaa mkavu hujazwa katika bomba la kioo lililozamishwa kwenye maji ya nyuzi 25, butani hupitishwa humo hadi uzito usiongezeke tena, na ongezeko hilo huandikwa kama asilimia ya uzito wa mkaa. Gramu 10.00 zikiongezeka gramu 2.40, jibu ni asilimia 24. Zamani ilitumika kaboni tetrakloraidi, lakini kemikali hiyo hudhuru ini na imewekewa vikwazo chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Mikataba mingi bado inaitaja, na kwa makadirio asilimia ya butani huzidishwa kwa karibu 2.5, hivyo 24 huwa sawa na 60 hivi. Butani hushika moto upesi. Kazi hii ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, mbali na moto na cheche.

Ukubwa wa punje hupimwa kwa machekecheo yaliyopangwa. Daraja linalotumika sana ni la namba 30 kwa 70, yaani punje kati ya mikromita 600 na 212. Vumbi linalopita chini ya hapo hufanya sigara iwe ngumu kuvuta na huweza kufika mdomoni mwa mvutaji, kwa hiyo kipimo cha ugumu kisiachwe. Katika ASTM D3802 mkaa hutikiswa kwa nusu saa pamoja na gololi 30 za chuma, nusu za milimita 12.7 na nusu za 9.5, kisha huchekechwa tena ili kujua kiasi kilichosalimika. Mkaa mzuri wa kifuu kwa kawaida huvuka asilimia 95. Majivu, pH, madini ya risasi na aseniki navyo vipimwe kwa kila shehena.

Baada ya hapo pima kichungi chenyewe, hatua ambayo watu wengi huiruka. Nyuzi za selulosi asetati hushikamanishwa kwa triasetini, na mkaa uliotawanywa kati ya nyuzi hizo hunasa mvuke wa triasetini siku baada ya siku. Mentholi hufanya vivyo hivyo. Pasua vichungi vilivyokamilika, kusanya punje, na uzipime kwa butani bila kuzikausha katika tanuri, kwani joto litafukuza sehemu ya kile unachotaka kukigundua. Linganisha na mkaa wa shehena hiyohiyo ambao haukuingia katika kichungi lakini ulikaa katika chumba chenye unyevu uleule. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo hasara halisi, na inafaa kupimwa upya baada ya miezi kadhaa ya kuhifadhi. Mkaa uliowekwa peke yake katika nafasi kati ya vipande viwili vya nyuzi kwa kawaida hupoteza kidogo zaidi kuliko uliotawanywa.

Mwisho ni mashine ya kuvuta. Sigara hukaa angalau saa 48 kwenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60, kisha huvutwa kwa mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika. Rudia kwa utaratibu mkali wa Kanada, mililita 55 kila sekunde 30 huku matundu ya hewa yakiwa yamezibwa, kwa sababu watu hawavuti kama mashine na mkaa hujaa mapema zaidi katika hali hiyo. Pima mivuke kwa kila mvuto peke yake. Wastani wa sigara nzima huficha ukweli kwamba mivuto ya mwisho hupita na mivuke mingi zaidi kuliko ya kwanza.

Ripoti ieleze waziwazi kwamba kaboni monoksaidi hainaswi na mkaa huu, na kwamba lami na sehemu kubwa ya nikotini husafiri katika chembechembe zinazoupita bila kushikwa. Hakuna tokeo lolote kati ya haya linaloruhusu kumwambia mnunuzi kwamba sigara hiyo ni salama au ina madhara pungufu, na sentensi hiyo iandikwe katika ukurasa uleule wenye namba. Zitajwe pia namba ya shehena, tarehe ya kuchukua sampuli, unyevu, daraja la punje, aina ya kichungi na utaratibu wa mashine uliotumika, na chupa moja ya sampuli iliyofungwa ihifadhiwe hadi vichungi vyote vya shehena hiyo vitakapokuwa vimetumika.