Jinsi ya kumaliza viporo vya mshono wa msalaba vilivyokuchosha

Kazi ya mshono wa msalaba huwa inaachwa katikati ya uwanja mpana wa rangi moja, kwenye kona ambako hesabu ya vijumba imegoma kulingana na chati, au kwenye kitambaa cha tatu cha seti ya makochi ambacho ua lake ni lilelile la viwili vya kwanza. Kila mkwamo una dawa yake, kwa hiyo kabla ya kujilazimisha kushona, tafuta kwanza kilichokukwamisha.

Vipimo vya hapa ni vya kitambaa cha Aida namba 14, yaani vijumba 14 kwa inchi, uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6 ndani yake (tunatumia nyuzi 2 kwa wakati mmoja) na sindano butu namba 24.

Hatua ya 1: Kagua viporo vyote, chagua viwili

Vitoe vyote kwenye fremu. Kitambaa kikikaa miezi ndani ya fremu ya mduara, vumbi na mafuta ya mikono huganda kwenye ukingo wake na kuacha duara ambalo halitoki kirahisi. Sindano nayo usiiache imechomekwa kwenye kitambaa. Hewa ya pwani ina unyevu, sindano hushika kutu, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halina msamaha.

Kila kazi iwe na mfuko wake: kitambaa, chati, nyuzi zake na kikaratasi kinachosema umeishia wapi na kilichokukwamisha. Kisha chagua mbili tu, moja ya kuhesabu kwa makini na moja nyepesi ya jioni mkiwa mnazungumza sebuleni. Nyingine funga uweke kando. Ukizigusa nne kwa zamu, zote nne zitasogea kidogo mno kiasi kwamba huoni tofauti, na uchovu utarudi palepale.

Hatua ya 2: Hesabu kilichobaki

Zidisha safu kwa nguzo. Eneo la vijumba 60 kwa 40 ni misalaba 2,400. Uzi wa sentimita 45 ukiwa na nyuzi 2 hutoa takriban misalaba 35. Fungu la mita 8 hukatwa vipande 17, na kila kipande kina jozi 3, kwa hiyo fungu zima hutoa kama misalaba 1,800. Eneo lile basi linahitaji mafungu 2.

Nunua sasa, usisubiri uzi uishe. Namba ya rangi inaweza kuwa ileile huku mkupuo wa kiwandani ni mwingine, na tofauti ikaonekana kama mstari kwenye eneo pana. Kama uzi wa zamani umebaki kidogo, tumia unyuzi 1 wa zamani na 1 mpya kwenye safu kadhaa za mpakani ili rangi zihame taratibu.

Hatua ya 3: Piga bandi ya kuongoza

Hii ndiyo hatua inayookoa viporo vingi, kwa sababu kinachochosha zaidi ni kuhesabu vijumba upya kila unaposhika kazi. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kila baada ya vijumba 10, kwenda chini na kwenda kulia, ili kitambaa kigawanyike kama chati ilivyogawanywa kwa mistari minene. Anzia kwenye sehemu iliyokwisha kushonwa ambayo una hakika nayo. Mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, unafaa kuliko uzi wa kawaida: sindano haiutoboi, na mwishoni unachomoka bila kuvuta misalaba.

Ukitumia kalamu inayofutika kwa maji, usipige pasi kabla ya kuifua kwa maji baridi. Joto huigandisha alama.

Bandi itakufichulia kosa la zamani. Msalaba mmoja uliohama kwenye jani au wingu uache, kisha rekebisha chati kwa penseli ili sehemu inayofuata ifuate kitambaa. Kosa kwenye fremu ya mchoro au kwenye mistari inayopaswa kukutana lifumue. Kijumba kimoja cha kasoro hapo kitabaki hadi mwisho, na pande mbili hazitakutana. Kata uzi kwa upande wa nyuma, chomoa msalaba mmojammoja kwa tundu la sindano, na usirudie uzi uliofumuliwa. Umekwisha sugulika na utatoka na manyoya.

Hatua ya 4: Linganisha mkono wako na wa zamani

Sogeza kitambaa dirishani, mwanga uangukie kwa ubavu, uangalie nyuzi za juu za misalaba zinalala upande gani. Kama zinatoka chini kushoto kwenda juu kulia, endelea hivyohivyo. Misalaba iliyolala kinyume hurudisha mwanga tofauti, na eneo lake huonekana kama lina rangi nyingine ingawa uzi ni uleule. Kosa hili huja pia ukigeuza kitambaa robo mzunguko ili upate kona vizuri, kwa hiyo weka kifundo cha uzi mwekundu kwenye ukingo wa juu.

Angalia na mvuto. Aliyechoka huvuta kwa nguvu, matundu ya Aida yakapanuka na kitambaa kikaanza kuonekana katikati ya misalaba. Shona misalaba 20 pembeni mwa ile ya zamani, ilinganishe, ndipo uendelee.

Hatua ya 5: Vunja uwanja mpana

Kila mraba wa bandi una misalaba 100, yaani jozi 3 hivi za nyuzi. Andaa jozi zote za mraba mmoja kabla ya kuanza. Shona nusu msalaba safu nzima kwenda, kisha rudi ukifunga. Ni haraka, na nyuma hubaki pasafi. Uzi ukianza kujisokota, iachie sindano ining'inie mpaka uzi ujifungue wenyewe. Baada ya miraba miwili hamia kwenye rangi nyingine.

Rangi zilizotawanyika kijumba hapa kijumba pale zinataka kinyume chake: sindano 5 au 6, kila moja na rangi yake. Ukimaliza rangi moja ndani ya mraba, toa sindano yake mbele kwenye kijumba chake kinachofuata, iache pale, shika nyingine. Ila usiruke zaidi ya vijumba 4 au 5 kwa nyuma, maana uzi mweusi huonekana kupitia kitambaa cheupe.

Hatua ya 6: Seti ya makochi

Wengi hushona ua jekundu kwenye vitambaa vyote kwanza, kisha majani yote, wakidhani wanaokoa muda. Matokeo yake ni vitambaa saba na hakuna hata kimoja cha kutandika. Maliza kimoja kabisa, pindo likiwemo, ukitandike kwenye kochi. Kinachofuata anzia upande mwingine wa mchoro. Na kama moyo umeshakataa, punguza seti: cha meza na vya migongo vinatosha bila vile vya mikono.

Mchoro mkubwa nao unaweza kupunguzwa. Ua lililokamilika likiwa na sentimita 5 za kitambaa kitupu kila upande linatosha kuwa uso wa mto. Piga zigizaga kwenye ukingo kabla ya kukata, maana Aida hufumuka upesi.

Hatua ya 7: Usirundike umaliziaji

Mistari myembamba inayozungushia maumbo ishone kila eneo linapokamilika. Ukiiacha yote mwishoni, kiporo huzaliwa upya.

Kazi ikiisha, chomoa bandi zote na uloweke kitambaa kwenye maji baridi yenye sabuni laini. Nyekundu au bluu iliyokolea ikitoa rangi, endelea kusuuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, na usikiache kikauke kabla ya hapo. Kiviringishe ndani ya taulo bila kukikamua, kisha kipige pasi kikiwa na unyevunyevu, uso ukitazama chini juu ya taulo nene, ili misalaba isibonyee.