Jinsi ya Kuchunguza Kama Simu Inawafaa Watu Wenye Ulemavu Nairobi

Anayetaka kujua kama simu inamfaa mtu mwenye ulemavu asianze na sifa zilizoandikwa kwenye boksi, bali aanze na shughuli. Mwombe kila mshiriki ataje mambo anayoyafanya kwa simu kila wiki, hasa yale yanayomlazimu kumkabidhi mtu mwingine simu ili amfanyie, kwa maana hayo ndiyo yanayostahili kuchunguzwa kwanza.

Tumia simu ambazo watu wanazimudu, kama zile za bei nafuu zinazouzwa Luthuli Avenue. Majaribio ya simu ya bei ghali hayamfaidi sana mkazi wa Kayole. Mulika mwizi, yaani simu ndogo za vitufe zenye tochi, nazo zisidharauliwe, kwani vitufe vyake hupapasika.

Kwa mshiriki asiyeona, washa TalkBack, kisoma skrini cha Android, kisha mwache atume pesa kwa M-Pesa kupitia *334#. Mpe laini ya majaribio yenye pesa kidogo ili asilazimike kufichua namba yake ya siri. Keti kando na usimwelekeze. Atatelezesha kidole kulia ili kusogea mbele, na kugusa mara mbili ili kuchagua. Wewe andika kinachosomwa, panapokaa kimya na muda unaotumika. Katika menyu za USSD, yaani zile zinazofunguka kwa kupiga msimbo kama *334#, muda una uzito wa pekee, kwa sababu kikao hukatika jibu likichelewa, ilhali msikilizaji hana budi kungoja orodha isomwe. Sikiliza pia kama tarakimu za namba ya siri zinatamkwa anapoziandika, jambo ambalo ndani ya matatu ni hatari tupu.

Kwa viziwi, tafuta mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hojaji ya maandishi pekee haitoshi, kwani si kila kiziwi anayesoma Kiingereza au Kiswahili kwa wepesi.

Kabla ya hayo yote, pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ridhaa ya washiriki, ukikumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Bajeti iwe na nauli ya mshiriki pamoja na ya anayemwongoza, kwani wengi huisahau hii ya pili. Programu ikisasishwa, rudia shughuli zilezile kwa simu zilezile, kwa kuwa kitufe kilichokuwa kikisomeka jana huenda leo kikawa bubu.