Kabla hujachanja vifaranga Gumboro, ulizia mama zao kwanza

Watu wengi tumekariri ratiba ya chanjo, siku ya 7 kideri (Newcastle), ya 14 Gumboro (ugonjwa wa virusi unaoshambulia kinga ya kuku wadogo), ya 21 kideri tena, ya 28 Gumboro tena, alafu vifo vikianza wiki ya nne lawama zote kwa muuza dawa eti chanjo feki. Inaweza ikawa feki kweli, ila mara nyingi shida ni kinga ya mama. Kuku mzazi aliyechanjwa anapitisha kingamwili zake kwenye kiini cha yai, kifaranga anatoka nazo, na hizo zikikuta kirusi cha chanjo hai (yenye kirusi kilichopunguzwa makali) zinakimaliza kama zinavyomaliza cha ugonjwa. Ukiwahi umemwaga hela, ukichelewa kinga ishaisha na Gumboro inapenda sana wiki ya 3 mpaka ya 6.

Kwahiyo kabla hujalipia muulize anayekuuzia wazazi walichanjwa Gumboro lini, na kama walipigwa ile ya sindano yenye mafuta maana hiyo ndo inaacha kinga nyingi kwenye yai. Akisema hajui, basi ujue unabahatisha. Kwa broila kinga inapungua nusu kila siku 3 hivi au zaidi kidogo, kuku wa mayai inashuka taratibu zaidi, so tarehe za broila usiwahamishie. Wanaosumbua kweli ni vifaranga wa mayai ya kuokoteza kwa watu tofauti, huyu ana kinga kibao mwenzie hana kitu, hakuna siku moja itakayowafaa wote na ndo maana dozi inarudiwa, usiiruke ya pili kisa wamechangamka.

Kama unaingiza maelfu, damu ya vifaranga kama 20 ipelekwe maabara ya mifugo wiki ya kwanza, wanapima wanakupigia hesabu ya siku ya kuchanja. Ni bei ndogo ukilinganisha na hasara.

Chanjo za Gumboro nazo zinatofautiana nguvu, soma kichupa. Ile kali inapenya hata kinga ya mama ikiwa bado juu kiasi, lakini inaweza kuumiza bursa, kile kifuko kilicho juu ya tundu la haja, usiichukue bila daktari. Kideri ya tone jichoni inaanza mapema kwasababu inaamsha kinga palepale machoni na puani hata damu ikiwa bado na kinga ya mama.

Siku yenyewe ya kuwapa Gumboro kwenye maji ya kunywa, wanyime maji kwanza kwa muda wa saa moja au mbili, maji ya kuchanganyia chanjo yasiwe ya bomba yenye klorini, na yaishe ndani ya masaa mawili.