Mbwa anatoroka kila siku kwenye kompaundi? Tafuta anapopita kwanza, matofali baadaye

Kama una mbwa na kila ukiamka asubuhi hayupo, au majirani wanakupigia simu ati ameonekana kwa steji ya boda, ngoja nikueleze vile sisi tulifanya huku Bugembe, karibu na Jinja, Uganda. Nyumba yangu iko karibu na barabara ya kwenda Iganga na pale trekta za miwa za kiwanda cha sukari cha Kakira zinapita na matela yake marefu, hata usiku, mbwa akiingia barabarani giza lile dereva hamwoni. Mbwa wangu anaitwa Tayga, ni wa kienyeji, rangi ya udongo, na kabla sijajua cha kufanya alikuwa anatoka karibu kila siku na mimi nalala nusu usingizi nasikiliza kama amerudi.

Jambo la kwanza, usikimbilie matofali. Mi niliona mbwa anatoka nikasema ukuta ni mfupi, nikaita fundi akaongeza mistari mitatu upande wa nyuma, simenti, mchanga, pesa ya fundi, vyote, na wiki haijaisha Tayga yuko nje tena, kumbe hajawahi kupita juu ya ule ukuta hata siku moja. Alikuwa anapita chini ya geti. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote unatakiwa ujue vitu viwili, anatokea wapi na anaenda wapi. Watu wengi wanatafuta hilo la kwanza peke yake, wanaziba tundu moja, mbwa anafungua lingine, sababu ile kitu inamwita huko nje bado iko.

Kujua anapotokea ni rahisi sana. Chukua majivu ya sigiri, yale laini, jioni mwaga mstari kuzunguka fensi yote kwa ndani, upana kama kiganja, usisahau chini ya geti na nyuma ya choo. Asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kukanyaga kanyaga zunguka pole pole uangalie. Kama anachimba utaona udongo mbichi umerushwa nyuma, kama anaruka kuna mikwaruzo ya kucha ukutani au nywele zimenasa kwenye seng'enge, kama anapenya kwenye ua wa miti utakuta majani ya chini yamelala na pameshakuwa na kanjia. Kwangu majivu ya chini ya geti yalikuwa yamefagiliwa safi katikati, mahali tumbo limepita, halafu huku na huku kuna mistari ya kucha, minne minne. Nikachuchumaa pale nikapima kwa mkono, nafasi yenyewe haifiki hata shibiri moja, nisingeamini mbwa mzima anapita hapo. Lakini kichwa kikipita na mabega yakipita, mwili wote unafuata. Msimu wa mvua majivu hayafai, ila udongo wetu huu mwekundu ukilowa unashika nyayo vizuri zaidi.

Kujua anakoenda, uliza watoto, watoto wa mtaa wanajua mbwa wote. Mtoto wa jirani aliniambia mzee, Tayga anakaaga kwa yule wa rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Nikaenda saa moja asubuhi, nikamkuta amekaa kando ya sigiri kimya kabisa anamwangalia yule kijana anakanda unga, na kijana akitoa chapati imeungua pembeni anamkatia kipande. Iliniuma, manake mimi nyumbani nilikuwa nampa chakula mara moja tu, usiku, posho tupu, yaani ugali. Mbwa alikuwa na njaa jamani. Tukabadilisha, sasa anakula asubuhi kabla geti halijaanza kufunguliwa na jioni tena, posho imechanganywa na mukene (dagaa) au supu ya mifupa, na maji safi yapo muda wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa ndani. Hiyo asubuhi ya kula peke yake ilipunguza safari zake kuliko yale matofali yote.

Lakini si kila mbwa anafuata chakula. Dume mara nyingi anafuata jike. Jike anapata joto kama mara mbili kwa mwaka, na kila mara inachukua kama wiki tatu, na madume wanasikia harufu yake kutoka mbali sana, ukiona dume ambaye siku zote ametulia ghafla anatembea tembea kwenye fensi, hali chakula, analia usiku, jua kuna jike mahali. Hapo ukuta hautoshi, atapigana nao mpaka ajiumize. Dawa ni kumhasi, na kama una jike mpeleke afungwe uzazi, kazi ya daktari wa mifugo na ganzi, si kazi ya yule mtu wa mtaani anayekuja na wembe, tafadhali sana hilo msikubali. Usitegemee abadilike kesho yake, homoni zinachukua wiki kadhaa kupungua, na mbwa aliyezoea kutembea miaka miwili ile tabia haifutiki mara moja, ndio maana ni vizuri kufanya mapema akiwa bado kijana. Jike ambaye hajafungwa uzazi, wakati wa joto mweke ndani ya nyumba au chumba chenye mlango unaofunga kabisa, sababu ukimwacha kwenye kompaundi hata yeye akikosa kutoka, madume wataingia, na baada ya siku kama 63 una watoto wa mbwa saba wanaotafuta kwa kwenda.

Halafu kuna upweke, na hapa nataka kusema kitu sababu naona watu wengi tunafanya vibaya. Tuna ile desturi ya kufungia mbwa kwenye kibanda cha mabati mchana kutwa halafu usiku tunamfungulia alinde. Mchana mabati yanawaka moto, mbwa hana mtu, hana kazi, hajanyoosha miguu, ukimfungulia saa tatu usiku kitu cha kwanza anachotafuta ni njia ya kutoka, na mimi simlaumu. Mtoe atembee na kamba nusu saa asubuhi, au jioni jua likipoa, mwache anuse nuse, kunusa kunamchosha akili kuliko kukimbia. Mtoto mkubwa wa nyumbani anaweza kufanya hiyo kazi kama mbwa hamvuti. Kibanda kiweke chini ya mwembe au kivuli chochote.

Kumfunga mnyororo siku nzima pia hakutibu kitu, kunamfanya mkali na siku mnyororo ukikatika haonekani. Ukilazimika kumfunga wakati fundi anatengeneza geti, basi mfunge mbali na ukuta. Mbwa akifungwa karibu na ukuta anaweza kuruka upande wa pili na mnyororo ukamnyonga.

Sasa tuje kwa fensi yenyewe. Kama tatizo ni chini ya geti, mwite fundi wa kuchomelea aongeze bamba la chuma au nondo chini, au mwaga zege kizingiti mpaka geti lipite juu yake kwa nafasi ya vidole viwili tu. Mi niliweka zege, na nikaacha mtaro mdogo wa maji wenye nondo, manake mvua ya hapa ikija kwa nguvu maji yakikosa njia yatachimba yenyewe na mbwa atamalizia. Na yale matundu ya kutoa maji chini ya ukuta usiyasahau, mbwa mdogo anapita, yaweke nondo.

Kama anachimba, kujaza shimo na udongo ni kumpa kazi nyingine tu. Chukua cheni linki, ule wavu wa waya wa fensi, ile nzito, si waya wa kuku ambao anaukata kwa meno, ilaze chini kwa ndani kuanzia kwenye fensi, ije futi moja na nusu au mbili kuelekea kwenye kompaundi, ifunge na fensi kwa waya, halafu ifukie kidogo au ipange mawe juu. Mbwa anachimbaga pale pale fensi inapogusana na ardhi, akikuta waya chini ya kucha anaacha, hana akili ya kurudi nyuma futi mbili aanze upya. Kama huna hela ya waya panga mawe makubwa au vipande vya tofali, uvizike nusu. Nguzo nazo zikague, hizi za mkaratusi mchwa wanazila kwa chini huku juu zinaonekana nzima, zisukume kwa mguu kila baada ya miezi michache, ikicheza ibadilishe kabla mbwa hajaijua. Wengine wanachoma kidogo ile sehemu ya kuingia ardhini kabla ya kusimika, wakisema inawachelewesha mchwa.

Kama anaruka, kabla ya kupandisha ukuta angalia kwanza umemwekea ngazi gani. Kuni zimepangwa ukutani, pipa la maji, tairi, kibanda chake mwenyewe kimegusa ukuta, vyote hivyo anapanda halafu anaruka. Sogeza kila kitu mita moja na nusu hivi kutoka kwenye ukuta. Futi 6 inatosha kwa mbwa wengi, ila cheni linki anaweza kuipanda kama mtu sababu vile vitundu vinashika vidole vya miguu, hapo unafunga mabati au mikeka ya mianzi kwa ndani, na faida nyingine ni kwamba haoni tena watu na mbuzi wanaopita, hana cha kukimbilia. Vigae vya chupa na seng'enge juu ya ukuta tunaweka kwa ajili ya wezi, lakini mbwa anayeruka hajui, nilishaona mbwa amerudi tumbo limechanika kama limekatwa na kisu, alishonwa na akapona kwa bahati. Mbwa anayejulikana kuruka, mtengenezee kizuizi kwa ndani asifike juu. Na jambo moja nawaomba kwa heshima zote, usije ukaunganisha umeme wa nyumba kwenye waya wa fensi. Utaua mbwa, na unaweza kuua mtoto anayefuata mpira.

Pamoja na hayo yote, njia kubwa ya kutoka ni watu wa nyumbani. Mtoto ametoka na jerikeni mbili mikono imejaa geti limebaki wazi, boda ameleta mzigo, mgeni hajui. Kile kilango kidogo cha geti kiwekee springi kijifunge chenyewe, komeo liwe juu ambapo mbwa hawezi kulisukuma kwa pua. Halafu mfundishe mbwa kukaa geti likifunguka, mfungie kamba, fungua geti kidogo, akisogea funga, akikaa mpe kipande cha nyama au mukene, dakika tano tano kila siku. Tayga alichukua kama mwezi, sasa mtu akishika komeo yeye anakaa mwenyewe anasubiri.

Mbwa mgeni, yaani umemleta kutoka kwa mtu, mwache kwenye kamba wiki mbili za kwanza hata kama anaonekana ametulia, sababu akipata nafasi anarudi alikotoka. Na siku za radi, ambazo huku karibu na ziwa ni nyingi, na usiku wa tarehe 31 Desemba wakati wa fataki, mwingize ndani mapema, funga mapazia, washa redio. Mbwa mwenye hofu anapita mahali ambapo siku nyingine hawezi.

Akitoka licha ya yote, usimkimbize, ataona ni mchezo. Mwite kwa sauti ya furaha, chuchumaa, au wewe ndo ukimbie kuelekea nyumbani na yeye akufuate. Akirudi usimpige. Najua unakuwa na hasira na hofu pamoja, lakini ukimpiga anapofika getini atajifunza kwamba kurudi ndio kosa. Mvishe ukanda wenye namba yako ya simu, wape picha yake vijana wa steji na mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), wao wanaona kila kitu kinachopita.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa lazima awe nayo, ya kwanza akifika miezi mitatu halafu rudia vile daktari atakavyokwambia, mara nyingi kila mwaka, kadi uihifadhi. Mbwa anayetembea anakutana na wengine usiowajua, na huo ugonjwa dalili zikishaanza hauna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Akirudi na kidonda cha kung'atwa usikishike na mikono mitupu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama alishachanjwa. Na kama ameng'ata mtu, au mtu ameng'atwa na mbwa yeyote huko nje, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, uangalie saa kabisa, halafu huyo mtu aende hospitali hapo hapo apate sindano, asingoje kuona kama kitapona.